Maziwa Makuu au Beijing: kanda ipi ya kubobea?

Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa huulizwa mapema: kanda yako ni ipi? Huku kwetu, anayejibu China au Mashariki ya Kati huonekana ana maono. Anayejibu Maziwa Makuu, yaani Kongo ya Kinshasa, Rwanda, Burundi na majirani zao, huonekana amekosa pa kwenda. Kongo si tunaisikia kila siku kwenye taarifa ya habari, ya kusomea nini tena?

Wanaotetea kanda za mbali wana hoja, na si nyepesi. Vyuo vya China vinafundisha vijana wao Kiswahili tangu miaka ya 1960. Kutoka TAZARA hadi reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi, tumekaa mezani na watu wanaotusoma kuliko tunavyowasoma. Lazima wapatikane wa kwetu wa kuwasoma wao, na ufadhili wa kwenda huko upo. Hilo sibishani nalo.

Ninachobishia ni hesabu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina chuo kinachofundisha wanadiplomasia wake lugha. Kwa Kichina na Kiarabu, chuo hicho hukadiria wiki 88, takriban saa 2,200 za darasani, na mwanafunzi hana kazi nyingine. Kwa Kifaransa, wiki 30 hivi, yaani kama saa 750. Sasa chukua shahada ya miaka mitatu: mihula 6, kila muhula wiki 15, na tuwe wakarimu tumpe saa 4 za lugha kwa wiki. Jumla ni saa 360. Kwa Kifaransa, hapo amekaribia nusu ya njia. Kwa Kichina, hajafika hata sehemu moja ya sita. Kweli, makadirio hayo ni ya watu waliokulia kwenye Kiingereza, na kijana aliyepita madrasa Unguja hataanza Kiarabu kwenye herufi. Lakini punguza utakavyo, pengo halizibiki kwa kozi moja ya hiari. Na mtaalamu wa China asiyesoma Kichina atasoma nini? Atasoma vitabu vya Kiingereza, vingi vikiwa vimeandikwa na Wamarekani na Waingereza kwa maswali yao wenyewe. Tasnifu yake itakuwa muhtasari wa ubishi wa watu wengine.

Wa Maziwa Makuu anaanza na mtaji. Kiswahili chake kinamfikisha Goma, Bukavu na Lubumbashi bila mkalimani, na Rwanda kimekuwa lugha rasmi tangu 2017. Akiongeza Kifaransa, anasoma sheria za Kongo na hotuba za wabunge wake kama zilivyo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Somalia ikafuata 2024. Jumuiya iliyozoea kufanya mambo yake kwa Kiingereza sasa ina mwanachama mkubwa kuliko wote anayeandika kwa Kifaransa. Nani atasoma nyaraka hizo? Halafu kuna Arusha: Bunge la Jumuiya, Mahakama yake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na kumbukumbu za kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, yote katika mji mmoja unaofikika kwa basi. Makubaliano ya amani ya Burundi yalisainiwa hapo hapo Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioanzwa na Nyerere na kumaliziwa na Mandela. Baadhi ya washiriki bado wapo na wanahojika, tena kwa Kiswahili.

Kanda hii ina mtego wake. Ukaribu huzaa uvivu, na wengi huishia kuwa wachambuzi wa redioni wanaojua majina ya vikundi vya waasi na hawajui bajeti ya nchi inasomwaje. Kwa hiyo Kifaransa kianze muhula wa kwanza, si mwaka wa tatu kinapokuwa pambo la cheti. Takwimu na uchumi visikwepwe, maana habari ya madini ya Kongo, koltani na dhahabu, ni ya biashara kabla ya kuwa ya bunduki. Sheria ya kimataifa ije mwaka wa pili, kabla ya kuchagua mada ya tasnifu.

Na aliyehakikishiwa mwaka mzima wa lugha Beijing? Huyo hesabu yangu haimhusu, aende.