Shemeji Kamaliza Nukta Zangu

Mkipokea barua yangu ya kikazi siku hizi, mkakuta sentensi imeanza juu ya ukurasa na haikupumzika mpaka kwenye saini, msinihukumu. Kitufe cha nukta kwenye laptopu yangu kimekufa. Hakikumwagikiwa maji, hakikuanguka. Kimebonyezwa mpaka kikakata roho, na muuaji yupo hapa sebuleni, kajifunika shuka mpaka puani, anadonoa kwa ukucha kile kishimo kilichobaki.

Ni shemeji. Kaka yake mama watoto. Alikuja kutusalimia akaishia kwenye kochi, kwa sababu anafuatilia mfululizo wa video za mtandaoni ambazo hakuna anayejua nani anazitengeneza. Zenyewe nimeziona. Korido. Mlango. Mtu kaipa kamera mgongo. Kitu kinanguruma kwa mbali, pengine friji. Dakika haijapita, kiza, imekwisha. Hazina jina la mwenyewe, hazina maelezo, hazina hata salamu. Mtu mwenye shughuli zake anaangalia, anasema "haya", anageukia mengine. Shemeji haangalii. Shemeji anapekua.

Kuna mtu, popote alipo namwombea mabaya, alimfundisha kwamba ukisimamisha video ya YouTube kwenye kompyuta, kitufe cha nukta kinasogeza picha moja mbele na cha mkato kinarudisha moja nyuma. Video ikiwa na picha 30 kwa sekunde, dakika moja ni picha 1,800. Shemeji haruki hata moja. Ta. Ta. Ta. Usiku kucha nasikia hiyo ta kupitia ukutani. Mkato umepona kwa sababu yeye si mtu wa kurudi nyuma, na ndiyo maana nikiandika kazini, nashukuru kwamba mkato, angalau, ninao, ila bosi, juzi, kaniuliza, kama napumua vizuri.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee. Hawakuishi na shemeji. Mimi naambiwa tazama usiku wa manane.

"Shemeji, amka. Umeiona saa?"

"Saa tisa. Kalale."

"Siyo hiyo. Hii hapa."

Akanisogezea laptopu puani. Nyuma ya yule mtu wa mgongo, ukutani, kuna saa. Mishale inasema saa nne na dakika kumi.

"Wenzetu wanaiandika 10:10," akaninong'oneza. "Sasa toa vile vinukta vya katikati. Inabaki 1010. Na 1010 kwa hesabu za kompyuta, zile za sifuri na moja, ni kumi. Kumi, shemeji! Na hii ni video ya ngapi?"

"Ya kumi?"

"Ya saba."

"Sasa?"

"Ndiyo maana inatisha."

Nikakaa kitako nikamweleza taratibu, kama mtu mzima. Saa karibu zote za kwenye matangazo zimesimamishwa hapo hapo, saa nne na dakika kumi au jirani yake, ili mishale ikae pande mbili kwa urembo na isifunike jina la kampuni. Ile saa haijawahi hata kutiwa betri. Wameinunua, wameitoa kwenye boksi, wameitundika vilevile. Shemeji akanisikiliza kwa makini mno, akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa: SAA HAINA BETRI. NANI KASIMAMISHA MUDA?

Nikarudi kulala. Yaani nikarudi kitandani. Kulala ni jambo jingine.

Nilidhani mama watoto atanisaidia. Ni dada yake, maneno yake angeyasikia. Kumbe mwenzangu naye alishajiunga na kundi lao la wapekuzi wa mtandaoni, tena amepewa kitengo. Yeye ni wa mapazia. Anasema pazia la video ya tatu siyo pazia la video ya tano, mikunjo imebadilika na rangi imepauka. Kuna mwanakundi mmoja, mtu mstaarabu kabisa, aliandika kwamba labda limefuliwa. Wakamtoa. Hawakumwonya wala nini. Admin alisema kundi halitavumilia watu wa kuua mjadala.

Sasa mimi na huyo mtu ningependa sana tuonane.

Na giza lenyewe haliachwi lipumzike. Shemeji anapandisha mwanga wa picha mpaka usiku unakuwa mweupe, halafu anakuza kona moja mpaka inajaa kioo. Video ikipandishwa mtandaoni hubanwa ili ipungue uzito, na penye giza ndipo panapoumia sana: weusi unakatikakatika kuwa miraba. Basi katika miraba hiyo shemeji ameshaona pua, bega, herufi, mtoto aliyeinama, na mtu mmoja ambaye anadai anafanana na mimi. Ile ya mwisho niliipuuza. Mtaona baadaye.

Halafu kuna usiku wa kurudisha sauti kinyumenyume. Yule mtu wa mgongo huwa anaguna kitu kabla ya kiza. Ukikipiga kinyume bila kuambiwa lolote, unasikia mtu anayesukutua. Lakini shemeji akishasema, "Sikilizeni, anasema nisaidie," basi ni nisaidie, wazi kabisa, huwezi tena kuisikia vingine. Mama watoto akasema, "Hapana, ni nisahau." Ikapigwa tena, ikawa nisahau. Mtoto wetu mdogo, ambaye wakati huo alitakiwa awe amelala, akasema anasikia "nisogee". Na kweli! Ikabidi kura ipigwe. Nisahau imeshinda, na tangu hapo ndani ya nyumba hii nisahau ni ukweli uliothibitishwa.

Ningekuwa nabishana na mtu asiyejua kitu, ningeshamshinda. Ubaya wa shemeji ni kwamba ana ushahidi. Nikimwambia hakuna kilichofichwa, ananifungulia ya mwaka 2015, ile video ya rangi nyeusi na nyeupe yenye mtu aliyevaa barakoa ya mdomo wa ndege, ya wale matabibu wa wakati wa tauni Ulaya. Sauti yake ni mikwaruzo mitupu, unaweza kudhani spika imeharibika. Watu wakaitia kwenye programu ya kuchora sauti, ile ambayo muda unakwenda kushoto kulia, sauti nyembamba inakaa juu, nzito inakaa chini, na penye kelele panawaka. Zikatokea picha. Mtu alikuwa amezichora kwanza, akazigeuza kuwa kelele! Wapekuzi wakaenda mbele zaidi, wakalitambua mpaka jengo: hospitali ya zamani ya Zofiówka, iliyotelekezwa huko Otwock, Poland.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ni kweli.

Lakini kunyamaza kwangu kukamharibu. Akaichora ile sauti ya friji. Ikatoka mistari ya kijivu iliyolala, na pembeni kitu chenye miguu mitatu.

"Ni M," akasema. "M ya mlango."

"Au M ya mngurumo."

"Umeona! Hata wewe unaiona."

Na ile nyingine anayoipenda ni iamamiwhoami. Desemba 2009 zilianza kutoka video za ajabu zenye muziki na majina ya tarakimu tupu, zimetenganishwa kwa nukta. Nukta! Hata huko zilitumika kwa fujo. Watu wakahesabu herufi, 1 ni A, 2 ni B, namna hiyo, yakatoka maneno, likiwamo jina la kisayansi la mmea, Mandragora officinarum. Huku nyuma wengine walikuwa wanaapa kwamba mwimbaji ni Christina Aguilera. Kumbe ni Jonna Lee, wa Sweden. Shemeji akifika hapo hunyanyua kidole juu, maana kwake hii inathibitisha kwamba namba yoyote, popote, ni neno. Ameshaihesabu namba ya mita yetu ya umeme. Imetoa matusi.

Na mimi nina yangu, msidhani. Nikamletea Webdriver Torso. Chaneli hii ilianza 2013, ikapandisha video kwa makumi ya maelfu, nyingi sekunde 11 tu, miraba ya bluu na nyekundu inahama, na mlio wa tii, tuu, tii. Dunia ikachanganyikiwa. Kuna waliosema ni majasusi wanapashana habari, kama zile redio za kusoma namba za enzi za vita baridi. Kuna waliosema ni viumbe wa sayari nyingine, ambao nadhani wangekuwa na kazi bora ya kufanya. Mwaka 2014 Google wakakiri kuwa ni yao. Walikuwa wanapima ubora wa video kwenye YouTube. Fundi anajaribu mitambo yake, basi.

Nilimaliza nikajiegemeza, najisikia wakili.

"Na wewe ulitegemea waseme nini?" shemeji akajibu.

"Waseme ukweli. Wameusema."

"Mbona video moja ilionyesha mnara wa Eiffel?"

Sikuwa na jibu la mnara wa Eiffel. Hakuna mtu duniani anayeishi na jibu la mnara wa Eiffel mfukoni. Akaliandika kwenye daftari kwamba nimeshindwa kujibu, akapiga mstari chini yake.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba hakuna jibu linaloruhusiwa kuwa dogo. Kikombe kikihama mezani kati ya video mbili, haiwezekani kuwa mtu alikunywa. Taa ikizima haiwezekani kuwa umeme ulikatika. Mwenye video mwenyewe, maskini, naamini ni kijana fulani mwenye simu na korido, ambaye aliigeuzia kamera mgongo kwa sababu ana aibu. Ninavyohisi mimi, sasa anakesha akisoma nadharia zao, anachagua iliyo nzuri, anaiigiza kwenye video inayofuata, na wao wanapiga makofi kwamba walijua. Nilimwambia shemeji hivyo hivyo.

Akaniuliza, pole pole, "Wewe umejuaje kwamba ana aibu?"

Ni hapo mambo yaliponigeukia.

Maana shemeji alikuwa ndiyo amemaliza kusoma habari za lonelygirl15. Hiyo ni 2006: binti anayejiita Bree, miaka 16, anaongea na kamera chumbani kwake, watu wanamwonea huruma, wanamwandikia, anawajibu. Ilianza Juni. Kufika Septemba siri ilishatoka, Bree ni mwigizaji wa miaka 19 aitwaye Jessica Rose, na walioinusa ni mashabiki wenyewe, waliofuata nyayo za barua pepe mpaka zikawafikisha kwenye kampuni kubwa ya mawakala wa waigizaji huko California, CAA. Na mfululizo haukufa kwa kujulikana ni maigizo. Uliendelea mpaka 2008, watu wanaangalia tu!

Kwa hiyo, anasema shemeji, mtengenezaji hupatikana. Na mtu anayepinga kila kidokezo, anayejua saa haina betri, anayejua friji ni friji, mtu huyo ni nani?

Nilicheka. Kicheko kikarekodiwa.

Sasa kundi zima lina faili langu. Wamegundua kwamba video hutoka jioni, na jioni mimi huwa sijarudi nyumbani. Wamegundua kwamba kichwa cha video ya sita hakikuwa na nukta, na barua zangu je? Wanaomba picha ya mgongo wangu nikiwa nimevaa shati la kijivu. Nikikataa, wanaandika amekataa. Nikikubali, wataandika kakubali upesi mno. Mmoja ananitumia ujumbe wa heshima kila asubuhi, ananiita Mwalimu, anauliza sehemu ya nane itatoka lini. Nikamjibu sijui. Akashukuru sana, akalipeleka hilo neno kundini wakalijadili mpaka usiku, kwamba kwa nini sijui na siyo sifahamu.

Jana usiku taa zimezimwa, mama watoto akanisogelea. Nikafurahi. Muda mrefu umepita tangu tuongee mambo yetu bila korido wala mlango.

"Baba watoto," akaniambia, "mimi ni mkeo. Nimekuzalia. Sitamwambia mtu."

"Sema, mama."

"Lile pazia. Kwa nini lilibadilika?"

Nikavuta pumzi.

"Limefuliwa," nikamwambia. "Mke wangu, wamelifua tu."

Akageukia ukutani. Kioo cha simu kikawaka chini ya shuka, nikasikia vidole vinakimbia. Nikachungulia juu ya bega lake. Alikuwa ameandika, "Amekiri. Amesema WAMElifua. Kumbe wako wengi."