Mashabiki Wenye Ulemavu Nao Wanataka Kuja Uwanjani

Nimesoma makala iliyoeleza kwamba viongozi wa klabu zetu za Zanzibar wanasikitishwa na majukwaa matupu katika mechi za ligi. Naomba wanapowatafuta mashabiki wasiwasahau watu wenye ulemavu, ambao wako tayari kuja lakini hawana njia ya kuingilia.

Kaka yangu hutumia kiti cha magurudumu. Mara ya mwisho tulipokwenda kutazama mechi hatukuzuiwa na bei ya tiketi, bali na ngazi za saruji, hata vijana wanne wasiotujua wakambeba hadi jukwaani (Mwenyezi Mungu awalipe kheri), kisha kila mpira ulipokaribia goli watu wa mbele walisimama naye asione chochote. Hajataka kurudi tena, wala simlaumu, kwani mtu mzima kubebwa mbele za watu kama mzigo ni jambo linalouma.

Uwanja wa Amaan ulifunguliwa upya Disemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa, lakini ligi huchezwa pia katika viwanja vidogo, Unguja na Pemba, na huko njia ya mteremko, sehemu iliyoinuliwa na choo chenye mlango mpana havihitaji mamilioni mengi. Wasioona wanahitaji msimulizi tu wa kukaa nao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 30 kinataja waziwazi haki ya kufika kwenye maeneo ya michezo.