Sauti kwanza au silabi kwanza?

Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili uanze Tanzania mwaka 2015, walimu wengi hawajakubaliana na jambo moja: mtoto aanzie wapi? Mtaala huo ulitaka aanze na sauti. Aisikie m, aitambue, kisha aiunganishe na a apate "ma". Wengi waliojifunza kwa kuimba "ba, be, bi, bo, bu" wanaona huko ni kuzunguka bure.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Silabi nyingi za Kiswahili ni konsonanti na irabu, basi. Kuitamka b bila irabu ni kazi hata kwa mtu mzima, lakini "ba" mtoto anaisikia kila siku. Tena darasa lililofurika huweza kuimba kwa pamoja na hakuna anayeachwa nje.

Lakini kuimba huko huko ndiko kunakoficha asiyejua. Mwonyeshe "bo" katikati ya neno, ataanza chinichini tangu "ba" mpaka aifikie. Likija "mbwa" au "ng'ombe", wimbo umemwisha. Aliyezoeshwa kuunganisha sauti ana pa kuanzia.

Hata hivyo, ukali wa mabishano haya ni wa Kiingereza zaidi kuliko wetu. England hupima watoto tangu 2012 kwa maneno 40, nusu yake ya kubuni, kuona kama wanaweza kuzisoma herufi bila kubahatisha. Tahajia ya Kiingereza inahitaji uangalizi huo. Yetu ni nyoofu, kwa hiyo njia zote mbili humfikisha mtoto kwenye kutamka maneno. Mimi ningeanza na sauti kwa majuma machache, kisha silabi, bila kumlazimisha mwalimu aziache nyimbo zake.

Kinachonisumbua ni kinachosahaulika. Mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome nchini Kenya, ulioenea kitaifa mwaka 2015, hutajwa kama ushindi wa sauti. Mbona hatutaji kwamba kila mtoto alipewa kitabu chake, na walimu wakawa na watu wa kuwatembelea na kuwaelekeza darasani? Watoto watano wakigombea kitabu kimoja, njia ipi itawaokoa?

Halafu kuna kasi ya kusoma. Kenya iliweka lengo la maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, tofauti inayoeleweka kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Kipimo cha namna hiyo humfichua asiyeweza kusoma kabisa, na hilo lina faida. Ila mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani anaweza kuyatamka yote kwa kasi inayotakiwa na asijue hadithi inamhusu nani. Mthibiti ubora wa shule akiingia darasani, aulize kwanza hadithi imesema nini, ndipo atazame saa.