Kipande cha Milimita 25: Tunapopima Nyenzo za Kuziba Meno, Tunapima Nini Hasa?

Kipimo kinachotumika kimataifa kuamua kama resini ya kuziba meno ina nguvu ya kutosha huanza na kipande chembamba kama njiti ya kiberiti. Kiwango cha ISO 4049 kinataka kipande hicho kiwe na urefu wa milimita 25, upana wa milimita 2 na unene wa milimita 2. Hulowekwa ndani ya maji ya nyuzijoto 37 kwa saa 24, kisha hulazwa juu ya nguzo mbili na kukandamizwa katikati mpaka kivunjike. Resini inayokusudiwa kutumika kwenye sehemu ya kutafunia hutakiwa ifikishe angalau megapaskali 80, kipimo cha mkazo ambao nyenzo huuhimili kabla ya kuvunjika. Hakuna tundu la jino lenye umbo hilo, wala hakuna anayezibwa jino ili alitumie kwa siku moja. Hata hivyo, tarakimu inayopatikana hapo ndiyo huchapishwa kwenye vipeperushi vya watengenezaji, ndiyo hujaza majedwali ya makala za kitaalamu, na mara nyingi ndiyo humshawishi daktari wa meno aache nyenzo aliyoizoea ashike mpya.

Wapo wanaoona kwamba utaratibu huo hauna kasoro kubwa, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa. Maabara humwezesha mtafiti kubadilisha jambo moja tu huku mengine yote yakibaki vilevile, kitu ambacho kinywa cha binadamu hakiruhusu. Jaribio la maabara huchukua wiki chache, ilhali kumfuatilia mgonjwa mpaka zibo lake lionyeshe udhaifu huchukua miaka saba, kumi au zaidi, na matokeo yanapotoka, nyenzo iliyochunguzwa huenda imeshaondolewa sokoni na nafasi yake kuchukuliwa na toleo jingine. Isitoshe, si haki kumfanya mgonjwa awe wa kwanza kugundua kwamba nyenzo fulani ni dhaifu. Historia nayo iko upande wao. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki hukwaruzika kiasi cha kushikwa vizuri na resini, na miaka michache baadaye Rafael Bowen akaunda molekuli ya resini ambayo bado ndiyo msingi wa kompositi nyingi, yaani resini zenye rangi ya jino zilizochanganywa na chembe za glasi. Bila kazi ya aina hiyo, daktari angekuwa bado anachonga tundu kubwa kwenye jino zima ili tu zibo lipate pa kung'ang'ania.

Taabu huanza pale nguvu ya nyenzo inapochukuliwa kuwa ndiyo maisha ya zibo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa amalgamu na kompositi. Amalgamu, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki na iliyobaki ni fedha, bati na shaba, ililinganishwa na kompositi katika majaribio mawili makubwa ya watoto, moja la Marekani na jingine la Lisbon nchini Ureno, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2006. Shabaha yake ilikuwa kujua kama zebaki inadhuru akili na neva za watoto, na madhara hayo hayakuonekana. Lakini kwa kuwa watoto waligawanywa kwa nasibu na kufuatiliwa kwa miaka, watafiti walipata pia fursa ya kuhesabu mazibo yaliyodumu. Huko Lisbon, baada ya miaka saba, asilimia 94.4 ya mazibo ya amalgamu yalikuwa bado yanafanya kazi, dhidi ya asilimia 85.5 ya kompositi. Kilichoangusha kompositi hakikuwa kuvunjika. Meno yalioza upya pembeni mwa zibo, na uwezekano wa kuoza huko ulikuwa mara tatu na nusu ya ule wa amalgamu. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti mbalimbali, yaliyotolewa upya mwaka 2021, ambayo yaliyategemea sana majaribio hayohayo mawili, yalikadiria kwamba hatari ya kompositi kushindwa kwenye meno ya nyuma ni karibu mara mbili, ingawa waandishi wenyewe walisema uhakika wa ushahidi huo ni mdogo.

Tukirudi kwenye kile kipande cha milimita 25, tunaona kwamba kilipima kitu ambacho hakikuwa chanzo cha tatizo. Kipande hakiozi, na hakina ukingo unaokutana na dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, yenye unyevu.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke hapa akiamini kwamba majaribio ya wagonjwa yamemaliza ubishi. Watoto hao walichaguliwa kwa sababu meno yao yalikuwa yameshaoza, kwa hiyo walikuwa katika hatari kubwa tangu mwanzo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia mazibo makubwa kwa miaka 12, ulikuta kwamba kwa wagonjwa wasio na tabia ya kuoza meno, kompositi ilidumu kuliko amalgamu. Ni kwa wale walio katika hatari kubwa, tena kwa mazibo ya nyuso tatu (yanayogusa pande tatu za jino), ndipo amalgamu ilipopata ushindi. Utafiti huo haukugawa wagonjwa kwa nasibu, na huo ni udhaifu wake, lakini unaeleza jambo ambalo wastani wa majaribio huficha: nyenzo ileile huwa bora kinywani mwa mtu mmoja na duni kinywani mwa mwingine.

Halafu kuna mkono wa anayeziba. Amalgamu husamehe mengi: husindiliwa ndani ya tundu hata pakiwa na unyevu kidogo, huganda yenyewe, na kadiri inavyopata kutu ndivyo ukingo wake unavyozidi kujifunga. Kompositi haisamehe. Jino hutengwa na mate, ikiwezekana kwa karatasi ya mpira iliyotobolewa ili jino lenyewe tu lichomoze. Asidi hupakwa, na kwenye dentini haipaswi kukaa zaidi ya sekunde 15 hivi, kisha huoshwa. Hapo daktari hupuliza hewa, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanza. Akipuliza kidogo mno, maji yanabaki na kuizuia gundi inayoishikiza resini kwenye jino. Akipuliza sana, nyuzi za kolajeni, protini ya dentini, zilizoachwa wazi na asidi hujilaza kama majani yaliyokanyagwa, na gundi haipati pa kupenya. Resini nayo huwekwa kwa tabaka la takriban milimita 2, kila tabaka likigandishwa kwa taa ya bluu, kwa sababu mwanga haufiki mbali na resini husinyaa inapoganda, mara nyingi kwa asilimia 2 au 3 ya ujazo wake. Taa ikishikwa kwa mshazari, au ncha yake ikiwa imechafuliwa na resini ya mgonjwa aliyetangulia, juu panakuwa pagumu na chini, karibu kabisa na ufizi, panabaki laini. Makosa yote hayo hayaonekani siku ya kwanza. Basi jaribio linaposema kompositi imeshindwa, ni nini kilichoshindwa: resini, gundi, taa au dakika chache ambazo daktari hakuwa nazo?

Mtu anaweza kudai kwamba mjadala huo umepitwa na wakati, kwa kuwa amalgamu inaondoka. Ni kweli inaondoka, lakini kwa sababu nyingine. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi wanachama zipunguze matumizi yake ili kulinda mazingira dhidi ya zebaki, na Umoja wa Ulaya umeyapiga marufuku tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu. Uamuzi huo una mantiki yake, na mimi siupingi. Ila hauigeuzi kompositi kuwa mrithi mkamilifu. Unaongeza tu ulazima wa kujua ni lini inafaa na ni lini haifai.

Kati ya nyenzo zinazogombea urithi huo, glasi ionoma, saruji ya unga wa glasi uliochanganywa na asidi, ndiyo inayowatatiza zaidi waumini wa maabara. Ilitangazwa na watafiti Wilson na Kent huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukiipima kwa kuikandamiza kama kile kipande cha resini, haikaribii megapaskali 80. Ni dhaifu, huchakaa na hukatika. Lakini hushikamana na jino kwa kemia yake yenyewe, hutoa floridi na hustahimili unyevu. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianza kutumiwa katika mbinu ya kukwangua sehemu iliyooza kwa zana za mkono na kuziba papo hapo, bila mashine ya kuchonga wala umeme, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mbinu hiyo. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kwenye tundu la uso mmoja mazibo hayo hudumu vizuri, lakini kwenye meno ya utotoni yenye tundu la nyuso mbili au zaidi huanguka kwa wingi. Mwaka 2021 nyenzo hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Nilikuwa na mazoea ya kusema kwamba kazi ya maabara ni kukataa, si kuidhinisha. Glasi ionoma imenilazimisha kulegeza hata kauli hiyo, kwa sababu mchujo wa nguvu peke yake ungeitupa nje mapema. Maabara inaweza kukataa, mradi kwanza iulizwe nyenzo inakataliwa kwa kazi gani.

Kwa zirkonia, kauri ngumu sana ya kutengenezea meno, maabara inastahili sifa zaidi. Zirkonia ya kawaida, yenye itria (oksidi ya yitri) ya asilimia 3 kwa hesabu ya moli, huvumilia takriban megapaskali 900 hadi 1,200, na ilipoanza kutengenezewa mataji (vifuniko vya jino zima) na madaraja (yanayojaza pengo kati ya meno) ilionekana kama mwisho wa kuvunjika. Kiini chake kweli hakikuvunjika. Kilichomeguka ni porselini iliyopakwa juu yake ili ifanane na jino, ambayo nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kiini. Madaktari ndio waliowaona wagonjwa wakirudi na taji lililobanduka kipande, lakini waliogundua sababu ni watu wa maabara: zirkonia hupitisha joto polepole, kwa hiyo taji likipozwa haraka baada ya kutoka tanuruni hubaki na mkazo ndani ya porselini. Mafundi wakapunguza kasi ya kupoza, wakachonga viini vinavyoiegemeza porselini, na wengine wakaiacha porselini kabisa wakatengeneza taji zima kwa zirkonia tupu. Ili taji hilo lisionekane kama chaki, itria iliongezwa. Mwanga sasa unapita vizuri zaidi, lakini fuwele zilizokuwa zikitanuka na kuubana ufa usiendelee zimepungua, na nguvu nayo imeshuka. Jina lililobaki kwenye bei na kwenye mazungumzo ni lilelile, zirkonia, na tafiti za miaka mingi kuhusu ile ya kwanza hutajwa kana kwamba zinaihusu hii ya pili. Hilo halina utetezi wowote.

Katika meno bandia ya kuvaa na kuvua, anayeshtakiwa si nyenzo, ni mbinu. Kwa vizazi vingi wanafunzi wamefundishwa kwamba seti kamili inahitaji kuchukua umbo la fizi mara mbili, mara ya pili kwa sinia iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa huyo, kisha kutumia upinde wa uso kuhamishia uhusiano wa taya kwenye kifaa kinachoigiza mwendo wake. Jaribio la nasibu la Kanada lililochapishwa mwaka 2005 lililinganisha utaratibu huo na ule uliorahisishwa, wa kuchukua umbo mara moja tu kwa alginati, unga unaochanganywa na maji na kuganda haraka, na bila upinde. Wagonjwa wa makundi yote mawili waliridhika kwa kiwango kisichotofautiana, na ubora wa meno yenyewe haukutofautiana pia. Walimu wa mbinu ya zamani hujibu kwamba mgonjwa ambaye taya yake imelika mpaka kubaki bapa hawezi kuwakilishwa na wastani wa kundi, na pia kwamba anayeanza kujifunza anahitaji hatua nyingi ili ajue anaruka nini. Jibu la kwanza nalikubali kwa sehemu. La pili ni hoja ya ualimu, na mgonjwa hapaswi kuilipia kwa safari za ziada za kliniki.

Jaribio hilo lilikuwa na jambo ambalo tafiti nyingi za kuziba hazina: lilimuuliza anayeyatumia meno. Kwenye mazibo, kinachohesabiwa ni zibo lenyewe, limebaki au limeondolewa, na hesabu hiyo inapotosha. Kompositi iliyomeguka pembeni mara nyingi inaweza kukwanguliwa kidogo na kuongezewa nyingine, na kwa baadhi ya watafiti hilo huandikwa kuwa ni kushindwa. Amalgamu inaweza kukaa miaka 20 bila dosari, kisha ukuta wa jino ulioizunguka ukapasuka hadi chini ya ufizi, na jino likang'olewa. Kwenye jedwali, la kwanza lilishindwa mapema na la pili lilidumu sana. Anayetaka kujua ni lipi lililomfaa mgonjwa zaidi angehitaji safu moja zaidi, inayoonyesha kila jino lilikuwa na hali gani baada ya zibo kushindwa: lilirekebishwa, lilizibwa upya, lilivikwa taji, au halimo tena kinywani. Katika ripoti nyingi, safu hiyo haimo.