Kukiri kosa siku ya kwanza

Wapo wanaosema kwamba mshtakiwa anayekiri kosa mapema hujiepushia usumbufu wa kesi, lakini wanaacha jambo zito: kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ya Kenya, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kukata rufaa ila kuhusu kiwango au uhalali wa adhabu. Kabla ya kujibu, mshtakiwa aombe shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa. Mkalimani halipiwi na mshtakiwa. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa pia haki ya kuufahamu mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, yakiwamo maelezo ya mashahidi, haki ambayo wasio na wakili, kwa bahati mbaya, mara nyingi hawaidai. Tena kukana shtaka, peke yake, hakumnyimi mtu dhamana.