Vidonge vya kichocho visiishie shuleni

Kila vidonge vya kichocho vinapogawiwa, kando ya Ziwa Victoria huzuka ubishi uleule. Wapo wanaosema ni kazi bure: mtoto anameza leo, Jumamosi yuko ziwani tena akiteka maji na kuoga, na konokono wanaotoa vimelea vya kichocho majini wako palepale. Bora fedha hizo zijenge vyoo na kuleta bomba.

Hoja yao ina uzito. Prazikwanteli, dawa iliyo kwenye vidonge hivyo, huua minyoo iliyokomaa tu, michanga hubaki, na haimkingi mtu asiambukizwe upya.

Lakini bomba halifiki kisiwani Kome kesho, na mayai ya minyoo hayasubiri. Yanayonasa kwenye ini huacha makovu, taratibu, miaka nenda rudi. Damu inakosa njia, mishipa ya umio inavimba, na siku moja mvuvi mwenye nguvu zake anatapika damu mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Wapo watakaotafuta aliyemroga. Dawa ambayo hakuipata utotoni ingeweza kumwepusha na hayo.

Kwa hiyo nasimama na vidonge. Kinachoniuma ni wanaoachwa. Ugawaji umezoea wanafunzi, wa miaka 5 hadi 14, ilhali mtoto anayeogeshwa kwa maji ya ziwa huambukizwa kabla hajajua kutembea. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri tiba ianzie miaka 2 na iwafikie watu wazima. Mvuvi, na mama anayefua akiwa ndani ya maji hadi magotini, hawana darasa la kuitiwa.

Mwanamke ndiye anayesahaulika zaidi. Kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya wilaya za Misungwi na Kwimba kuna kichocho cha mkojo, kinachoweza kumwachia vidonda kwenye shingo ya kizazi. Anatibiwa magonjwa ya zinaa, haponi, na nyumbani anashukiwa uzinzi.

Dawa iwafuate watu mwaloni asubuhi, mitumbwi inaporudi, na wawe wamekula kwanza. Ikimezwa njaa huleta kichefuchefu, na kichefuchefu huzaa uvumi: mwaka 2008 kule Morogoro ugawaji shuleni ulizua vurugu, wazazi wakihofia watoto wao wanadhuriwa.

Na bomba linaposubiriwa, maji ya kuogea yakae siku mbili kwenye pipa safi lenye mfuniko, lisilo na konokono. Vimelea hufa humo vyenyewe, hata kwa nyumba isiyo na kuni za kuchemshia.