Babu Amelala Mikindani

Barua ile ilinichukua saa mbili nzima. Nilipoimaliza niliisoma kwa sauti, nikairudia, nikajipongeza peke yangu.

Nilikuwa karani wa ofisi ndogo ya usafirishaji hapa Mtwara. Kazi yetu ilikuwa kubeba korosho kutoka vyama vya msingi vya huko Tandahimba na Newala na kuzishusha ghala kuu. Wenyewe mnaujua utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka chama cha msingi, chama kinapeleka ghala kuu, ndipo mnada unafanyika. Lori likichelewa, mzigo unakosa mnada, na kijiji kizima kinakosa usingizi.

Lori letu lilikuwa Fuso lililokwisha choka. Mbele bosi alilipaka maandishi makubwa: BABU. Ndivyo wakulima walivyomwita yeye mwenyewe. Hilo ndilo kosa la kwanza, na halikuwa langu.

Siku moja ya Novemba giaboksi ikafa Mikindani, alfajiri. Bosi akaniambia, "Waandikie wale wa Tandahimba gari limeharibika, mzigo tutafuata Alhamisi." Basi. Lakini mimi nilikuwa na cheti kibichi cha uhazili, na niliamini barua isiyojaza ukurasa ni dharau kwa anayeipokea. Nikaandika hivi:

"YAH: BABU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko makubwa, napenda kuchukua fursa hii kukujulisha kuwa Babu, aliyewatumikia kwa uaminifu miaka mingi bila kujali jua wala mvua, amelala ghafla Mikindani alfajiri ya leo akiwa safarini kuja kwenu. Juhudi za wataalamu hazikufua dafu. Taratibu nyingine mtajulishwa kadiri zitakavyopangwa. Wako katika ujenzi wa taifa."

Nikagonga muhuri, nikampa kondakta wa basi.

Kesho yake saa nne asubuhi kirikuu ikasimama mlangoni. Wakashuka akina mama sita wamejitanda kanga, mmoja na ndoo ya mchele kichwani, na mwenyekiti wa chama na bahasha ya kaki mkononi. Kilio kilianzia barabarani. Nikajua wamefiwa, nikatoka mbio.

"Poleni sana jamani!"

"Tushapoa, mwanangu. Poleni nyie wafiwa."

Sijaelewa bado, akaingia mzee mmoja amevaa koti ndani nje, anachechemea vilevile anavyochechemea bosi, anapiga fimbo sakafuni: "Mizani hii mbovu! Pimeni upya, mnanipunja!" Huyo alikuwa mtani wake, kaja kutimiza haki yake msibani. Alikuwa anaiweza ile sauti, sitaki kumnyima sifa zake.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bosi, kikombe cha chai mkono mmoja, kipande cha muhogo mkono wa pili.

"Nani huyo ananiigiza?"

Mtani akabaki mguu juu. Mama wa ndoo akapiga yowe, mchele ukamwagika mpaka chini ya meza yangu. Kumbe walimpigia bosi usiku kucha hapatikani. Umeme ulikatika tangu jana yake, simu imekufa chaji. Kwao huo ulikuwa ushahidi tosha.

Bosi akaniamuru niisome barua mbele ya wote. Nilipofika "amelala ghafla", mama mmoja akaanza kulia upya, na marehemu amesimama pembeni yake anatafuna muhogo.

"Haya," bosi akasema, "nionyeshe lilipoandikwa neno gari."

Nikatafuta juu mpaka chini. Halikuwepo. Korosho hazikuwepo. Alhamisi haikuwepo. Laiti hata ningeandika "limelala" badala ya "amelala", wale akina mama wangebaki mashambani kwao wanaokota korosho.

Tangu siku hiyo kila barua yangu namsomea kwanza mama muuza mihogo wa pale nje. Akiuliza "Kwa hiyo?", nachana. Mwanzoni alikuwa ananichanisha hadi tano kwa siku, na mihogo nanunua. Siku hizi huwa anaitikia tu kwa kichwa huku anageuza mihogo yake.

Ikabaki bahasha. Shilingi 63,000 za rambirambi. Mwenyekiti alinyoosha mkono aichukue, bosi akawahi kuishika.

"Mlimchangia nani?"

"Babu."

"Babu yuko Mikindani, giaboksi imekufa. Zitamfaa."

Mtani akacheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti hakucheka, akadai risiti. Nikaandika ya mstari mmoja, fupi, safi: "Nimepokea shilingi 63,000 za Babu."

Akavaa miwani, akaisoma taratibu, akanirudishia.

"Babu yupi, mwanangu?"